Gaston Planté

Gaston Planté (Orthez, 22 Aprili 1834 – Bellevue, Meudon, 21 Mei 1889) alikuwa mwanafizikia kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kubuni, mwaka 1859, betri ya risasi na asidi. Hiyo ilikuwa betri ya kwanza ya kufaa kwa matumizi iliyoweza kuchajiwa upya baada ya kuishiwa umeme. Betri za magari, pamoja na sehemu kubwa ya betri zinazotunza umeme wa jua katika nyumba, shule na zahanati za Afrika Mashariki, zimetokana na kifaa chake.

Maisha ya awali

Planté alizaliwa Orthez, mji mdogo wa kusini magharibi mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pirenei. Familia yake ilihamia Paris alipokuwa bado mtoto. Mdogo wake, Francis Planté (1839–1934), alikuwa mpiga piano mashuhuri, na kwa miaka mingi jina la ukoo huo lilijulikana zaidi katika kumbi za muziki kuliko katika maabara.

Mwaka 1854 aliajiriwa kuwa msaidizi wa somo la fizikia katika Chuo cha Taifa cha Sanaa na Ufundi mjini Paris. Kazi yake ilikuwa kuandaa vifaa na majaribio ya mihadhara ya Edmond Becquerel. Huyu asichanganywe na mwanawe Henri Becquerel, aliyegundua unururifu mwaka 1896. Edmond ndiye aliyeonyesha mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 19, kwamba mwanga ukiangukia bamba la metali lililozamishwa katika myeyusho maalumu unaweza kuzaa mkondo wa umeme. Ugunduzi huo ndio asili ya paneli za sola. Kwa hiyo mtu aliyegundua kwamba mwanga huzaa umeme na mtu aliyegundua namna ya kuutunza umeme walifanya kazi katika maabara moja, lakini zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya kazi zao kuunganishwa kwa waya juu ya paa la nyumba.

Mwaka 1860 Planté alipata kuwa profesa wa fizikia katika chama kimoja cha Paris kilichotoa elimu ya sayansi kwa watu wa kawaida, wakiwemo wafanyakazi wa viwandani. Alipenda kufundisha kwa majaribio yanayoonekana kwa macho, na tabia hiyo inaonekana katika vifaa vingi alivyovibuni baadaye.

Ndege wa Meudon

Kabla ya kujulikana kwa betri, Planté aliingia katika historia ya sayansi kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1855, katika tabaka za udongo za Meudon karibu na Paris, alipata mfupa wa mguu wa ndege mkubwa wa kale asiyeruka. Ndege huyo, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita na kuweza kufikia kimo cha takriban mita 2, aliitwa Gastornis kwa heshima yake. Jina hilo limeundwa kwa kuunganisha Gaston na neno la Kigiriki la ndege. Wanafunzi wa biolojia wanaokutana na jina hilo mara nyingi hawajui kwamba mwenye jina ndiye aliyebuni betri ya gari.

Umeme kabla ya 1859

Ili kuelewa ukubwa wa kazi ya Planté ni lazima kukumbuka kwamba wakati huo umeme wa kudumu ulipatikana karibu wote kutoka kwa seli za kemikali. Mwitalia Alessandro Volta alikuwa ameonyesha seli za namna hiyo mwaka 1800, na baadaye zikaja seli bora zaidi za John Frederic Daniell (1836), William Grove (1839) na Robert Bunsen (1841). Zote zilikuwa na kasoro moja: zilikula zinki. Zinki ikiisha, umeme nao uliisha, na mtumiaji alilazimika kununua metali na asidi upya. Mfano wake wa leo ni betri za tochi, ambazo zikiisha nguvu hutupwa.

Wanasayansi walikuwa tayari wamegundua jambo la ajabu. Mkondo ukipitishwa kwa muda katika mabamba mawili ya metali yaliyozamishwa katika kimiminika, kisha chanzo kikaondolewa, mabamba yenyewe hutoa mkondo mfupi wa kurudi nyuma. Johann Wilhelm Ritter wa Ujerumani aliliona jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 19. Mjerumani mwingine, Wilhelm Josef Sinsteden, alilichunguza mwaka 1854 kwa kutumia mabamba ya risasi katika asidi. Hata hivyo watu wengi walilichukulia kuwa kero iliyodhoofisha seli zao, na si kitu cha kutumiwa.

Planté alilichukulia kwa namna nyingine. Alianza kulinganisha metali moja baada ya nyingine, zikiwemo shaba, fedha, bati, dhahabu na platini, akipima mkondo wa kurudi ulikuwa na nguvu gani na ulidumu kwa muda gani. Risasi ilizishinda zote kwa mbali. Hilo halikutegemewa, kwa kuwa risasi ni metali nzito, laini na ya bei ndogo, isiyo na sifa yoyote ya pekee machoni pa mtu anayetafuta maajabu ya umeme.

Betri ya risasi

Betri ya kwanza ya Planté ilikuwa rahisi sana. Alichukua karatasi mbili za risasi, akaziweka moja juu ya nyingine zikiwa zimetenganishwa kwa kitambaa (baadaye alitumia vipande vya mpira), akazikunja pamoja kama mkeka, kisha akazitumbukiza katika chupa yenye maji yaliyochanganywa na asidi ya sulfuriki kiasi cha sehemu moja kwa kumi. Kukunja huko kulikuwa na maana: bamba likiwa na eneo kubwa, mkondo unaopatikana nao huwa mkubwa.

Mwaka 1860 aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa betri iliyoundwa kwa seli 9 za namna hiyo. Mikondo iliyotoka humo ilikuwa mikubwa kuliko ile iliyozoeleka kwa seli za wakati ule. Waya wa platini uliwaka mwekundu, na nyaya nyembamba ziliyeyuka.

Lakini seli mpya ilitoa umeme kidogo tu. Planté aligundua kwamba inapaswa kulelewa. Aliichaji, akaiacha itoe umeme, akaichaji kwa kugeuza pande, akaipumzisha kwa siku au wiki, kisha akaanza tena. Kila mzunguko uliigeuza sehemu ya ndani zaidi ya risasi kuwa kitu chenye kazi, na uwezo wa seli ukaongezeka. Shughuli hiyo, iliyoweza kuchukua miezi, aliiita uundaji wa seli. Alipima maendeleo yake kwa njia iliyo wazi: aliunganisha waya wa platini na kuhesabu muda ambao uliendelea kuwaka. Waya uliowaka kwa muda mrefu zaidi ulimaanisha seli yenye uwezo mkubwa zaidi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Betri ya Planté ilipata nguvu kwa kumalizwa na kuchajiwa mara nyingi, ilhali betri za leo huharibika kwa kumalizwa mara nyingi. Tofauti iko katika bamba. Bamba la Planté lilikuwa risasi tupu, na kazi ya mizunguko ilikuwa kuligeuza uso wake. Bamba la kisasa hutoka kiwandani likiwa limekwisha kupakwa ujiuji wenye kazi. Kila mzunguko wa kina huulegeza ujiuji huo, na chembe zake hudondoka chini ya betri. Mtu anayemaliza betri mpya ya sola kabisa kwa kudhani kwamba anaizoesha anafuata kanuni iliyokuwa sahihi kwa betri ya mwaka 1860 tu.

Kasoro nyingine ilikuwa ya chanzo. Ili kuichaji betri yake Planté alilazimika kutumia seli za Bunsen zilizokula zinki, hivyo umeme uliotunzwa ulikuwa ghali kuliko ule wa seli zenyewe. Kwa miaka zaidi ya kumi uvumbuzi wake ulibaki zaidi kifaa cha maabara. Madaktari waliutumia kupasha moto nyaya za kuchomea vidonda na uvimbe, na Planté mwenyewe alitengeneza kiberiti cha umeme cha kuwashia mishumaa, akakiita kiberiti cha Zohali, kwa sababu wataalamu wa kale wa alkemia waliihusisha risasi na sayari hiyo. Mambo yalibadilika baada ya Zénobe Gramme, Mbelgiji aliyeishi Paris, kutengeneza dainamo iliyofaa kwa kazi mwanzoni mwa miaka ya 1870. Sasa mashine ya mvuke iliweza kuzalisha umeme mchana, na betri ikautunza kwa ajili ya usiku. Mpango huo hautofautiani na ule wa sola, isipokuwa jua limechukua nafasi ya mvuke.

Utafiti wa radi

Planté hakuishia kwenye betri. Aliunganisha hadi seli 800 mfululizo ili kupata volteji kubwa, na kwa cheche zake akachunguza mambo ya angani: radi, mipira ya moto inayoonekana wakati wa tufani, na mianga ya ncha za dunia. Katika miaka ya 1870 alibuni pia mashine iliyochaji vitunza-umeme vingi kwa wakati mmoja, kisha ikaviunganisha mfululizo kwa kuzungusha mhimili, hivyo volteji ikapanda mara nyingi zaidi. Maelezo yake kuhusu mipira ya radi hayakukubalika na wote, na hadi leo jambo hilo halijapata maelezo ya mwisho.

Mwaka 1879 alikusanya matokeo ya miaka 20 katika kitabu kuhusu utafiti wa umeme, kilichotafsiriwa pia kwa Kiingereza. Ni kitabu cha mtu mwenye subira, kilichojaa vipimo.

Waliomfuata na kifo chake

Mwaka 1881 Mfaransa Camille Alphonse Faure alitangaza njia ya kupaka mabamba ujiuji wa oksidi ya risasi, hivyo miezi ya uundaji ikapungua kuwa siku chache. Mwaka huohuo Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme yalifanyika Paris, na Gustave Trouvé alionyesha jijini humo baiskeli ya magurudumu matatu iliyoendeshwa kwa betri. Viwanda vilianzishwa Ulaya na Marekani. Huko Luxemburg Henri Tudor alitengeneza betri imara zaidi kwa ajili ya taa za miji. Mwaka 1899, miaka 10 baada ya kifo cha Planté, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la betri za risasi kwa mwendo uliozidi kilomita 100 kwa saa. Halikuwapo gari lingine, la petroli au la mvuke, lililokuwa limefikia mwendo huo.

Faida ya kibiashara ilikwenda zaidi kwa hao waliomfuata. Planté aliendelea na utafiti hadi mwisho, na mwaka 1888 alitoa kitabu kuhusu matukio ya umeme angani. Alifariki mwaka uliofuata huko Bellevue, sehemu ya Meudon, palepale ambapo miaka 34 kabla alikuwa ameuokota mfupa wa Gastornis. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Namna betri yake inavyofanya kazi

Katika betri iliyojaa, bamba chanya huwa na dioksidi ya risasi yenye rangi ya kahawia, na bamba hasi huwa risasi yenye vinyweleo, rangi ya kijivu. Betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi, na asidi iliyo kati yake hupungua ukali na kuelekea kuwa maji. Inapochajiwa, kila kitu hurudi kinyumenyume. Seli moja hutoa takriban volti 2, na betri ya volti 12 ni seli 6 zilizounganishwa ndani ya kasha moja.

Magonjwa ya betri hutoka humohumo. Salfeti ikiachwa kwa wiki kadhaa bila kuchajiwa hukua kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya bamba huwa imekufa. Maji yakikauka hadi mabamba yakaonekana, sehemu iliyo wazi huharibika. Joto nalo huharakisha kutu ya bamba chanya: kwa makadirio ya kawaida, kila ongezeko la nyuzi 10 za selsiasi hupunguza umri wa betri kwa nusu.

Betri ya gari na betri ya sola zina kanuni moja lakini hazina umbo moja. Ya gari ina mabamba mengi membamba, ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ya sola ina mabamba manene machache, ili itoe mkondo mdogo kwa saa nyingi na kustahimili kushushwa chini mara kwa mara. Betri ya gari iliyofungwa kwenye sola kwa sababu ya bei huwa haidumu, na mwishowe huwa ghali zaidi.

Kupima afya ya betri

Kipimo rahisi ni volteji. Betri ya volti 12 iliyopumzika kwa saa kadhaa, bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma takriban volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu, na chini ya 11.9 ikiwa karibu tupu. Kupumzika ni sharti. Betri iliyotoka kwenye chaji husoma juu kuliko hali yake halisi, na iliyo kazini husoma chini. Betri iliyochajiwa siku nzima ikabaki karibu na volti 10.5 kwa kawaida ina seli moja iliyokufa, kwa kuwa volti 2 za seli hiyo hazipo.

Hata hivyo volteji huonyesha betri imejaa kiasi gani, haionyeshi inabeba kiasi gani. Debe lililojaa mchanga hadi katikati likimiminiwa maji hufurika upesi, na anayetazama mdomo wa debe ataona limejaa. Betri kuukuu ndivyo ilivyo: asubuhi mita inasema volti 12.7, na saa mbili usiku taa zinafifia. Wateja wengi hulaumu paneli au fundi ilhali mchanga umo ndani ya debe.

Kwa betri za maji, yaani zile zenye vifuniko vya kufungua, haidromita hueleza zaidi. Chombo hiki hufyonza asidi kutoka kila seli na kuonyesha densiti yake kulinganisha na maji. Seli iliyojaa husoma takriban 1.265, nusu 1.190, na tupu 1.120. Jambo la kutazama ni tofauti kati ya seli na seli kuliko namba yenyewe. Seli 5 zikisoma 1.260 na ya sita ikasoma 1.180 hata baada ya chaji ndefu, hiyo ya sita ndiyo mgonjwa, nayo itaziburuta nyingine. Kipimo kisichukuliwe mara baada ya kuongeza maji, kwani maji hukaa juu na asidi nzito hukaa chini mpaka chaji izichanganye. Betri kavu, zile zilizofungwa moja kwa moja, haziwezi kupimwa kwa haidromita.

Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni kile cha Planté mwenyewe, yaani kuhesabu muda. Betri huchajiwa ikajaa, ikapumzishwa, kisha ikaunganishwa na mzigo unaojulikana. Kwa betri iliyoandikwa saa-ampea 100, mzigo wa ampea 5, kwa mfano balbu za volti 12 zenye jumla ya wati 60, unapaswa kudumu kama saa 20 kabla ya volteji kushuka hadi 10.5. Ukidumu saa 13, uwezo uliobaki ni saa-ampea 65. Kwa desturi ya mafundi, betri iliyoshuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake huhesabiwa kuwa imefikia uzee kwa kazi zisizoruhusu kukatika umeme, ingawa nyumbani inaweza kuendelea kuwasha taa chache. Kipimo hiki chenyewe huichosha betri, hivyo hakifai kufanywa mara kwa mara, na betri ichajiwe mara tu kinapomalizika.

Vipimo hivi vina hatari zake. Asidi hupofusha macho na kuunguza ngozi. Gesi ya hidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji hulipuka kwa cheche au sigara, kwa hiyo betri isifungiwe katika chumba kisicho na hewa. Seli iliyopungukiwa huongezwa maji safi yasiyo na chumvi, si asidi. Neno maji ya betri lina utata hapa, kwa kuwa madukani huweza kumaanisha vyote viwili, na kumwaga asidi juu ya asidi ni njia ya haraka ya kuimaliza betri.

Shinyanga na Geita

Mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania ni mfano mzuri wa mahali ambapo kazi ya Planté inagusa maisha ya kila siku. Shinyanga ni nchi kavu yenye jua kali kwa sehemu kubwa ya mwaka. Geita, uliofanywa mkoa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya jirani, una mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2000, pamoja na vijiji vya wachimbaji wadogo kama Rwamgasa na Nyarugusu. Migodi mikubwa ina mitambo yake ya umeme. Mchimbaji mdogo, mwenye duka na mwenye kibanda cha kuchajia simu walitegemea jenereta au sola, na kwa wengi sola bado ipo hata pale ambapo nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini zimekwisha kufika.

Katika miaka ya 2000, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) ulilenga kukuza soko la umeme wa jua vijijini katika mkoa huo. Wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, shirika la umeme la TANESCO lilianza katika miaka ya 2020 kujenga kituo cha umeme wa jua, awamu yake ya kwanza ikiwa ya megawati 50, kwa mkopo kutoka Ufaransa, nchi ya Planté. Umeme wa kituo hicho umekusudiwa kuingia katika gridi ya taifa. Betri ni suala la wale walio nje ya gridi.

Kwao betri huwa ndiyo sehemu inayokufa kwanza. Paneli nzuri inaweza kufanya kazi kwa miaka 20 au zaidi, lakini betri ya risasi iliyotunzwa vibaya haifiki hata miaka 3. Joto la mchana chini ya paa la bati huipunguzia umri. Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu huiacha bila kujaa kwa siku nyingi mfululizo, na salfeti hupata nafasi ya kuwa ngumu. Katika zahanati isiyo na umeme mwingine, betri iliyokufa bila kugunduliwa ina maana ya mkunga kuzalisha kwa mwanga wa simu. Kuipima kila miezi michache, na kuandika namba hizo kwenye daftari ili zilinganishwe, hakugharimu zaidi ya mita na haidromita.

Betri inapokufa

Risasi ni sumu. Huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hata kwa kiasi kidogo. Betri kuukuu ina thamani kwa sababu risasi yake huweza kuyeyushwa na kutumiwa tena karibu yote, na viwanda vinavyofuata taratibu hufanya hivyo kwa usalama. Kuipasua uani na kuyeyusha risasi kwenye sufuria au jiko la mkaa, kwa ajili ya kutengeneza vyuzi vya nyavu au kuuza, hueneza moshi na vumbi la sumu katika nyumba nzima. Asidi inayomwagwa chini nayo huwa imebeba risasi ndani yake.

Kesi inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa nchini Kenya, ambako wakazi walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni yao, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Baada ya hukumu hiyo kutenguliwa katika rufaa, Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha Desemba 2024.

Betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na hustahimili mizunguko mingi zaidi, zimeanza kuchukua nafasi ya zile za risasi katika mifumo midogo ya sola. Betri za risasi bado zinatengenezwa kwa wingi duniani kote. Hata zile zenye mabamba ya risasi tupu, za aina inayobeba jina la Planté, zingali zikitumika katika vituo vya umeme na vya mawasiliano, ambako hudumu kwa miaka 20 au zaidi. Kasoko moja ya upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani imepewa jina lake.